Toleo la Pili

Mama mkwe huyu hakuwa mtu wa kusifu. Miaka yote aliyokaa nyumba moja na mke wa mwanawe, sifa pekee aliyowahi kumpa ni kwamba hagongi vyombo anapoviosha. Kwa hiyo asubuhi ile, kwenye kliniki ya macho, alipomgeukia mwanamke aliyekaa pembeni yake na kusema kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni, "Hiyo kompyuta unayoisikia wanaibonyeza pale, ameitengeneza mke wa mwanangu huyu hapa," ilifaa mke huyo aingiwe na hofu mapema. Mavyaa akikusifu mbele za watu, ujue kuna jambo njiani.

"Sijatengeneza kompyuta, Mama," alinong'ona. "Mimi natengeneza njia tu."

"Njia za nini?"

"Za ujumbe. Kutoka hapa hospitali mpaka kwa watu wa bima."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Acha kujishusha."

Kazini walimwita Mama Njia, kwa sababu hiyo hiyo. Hospitali inauliza, "Huyu mgonjwa ni wenu?" Swali linapita kwenye njia aliyoichora yeye, linafika bima, linarudi na ndiyo au hapana. Jina lilianza kama mzaha wa wenzake, akalizoea, na siku hizi hata bosi wake hakulikumbuka lile jingine.

Walikuwa wamekaa benchi la mbele. Mama mkwe alibakiwa na jicho moja la kutegemea. La kushoto lilikwisha zamani, kabla hajapata hata mjukuu. La kulia lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, na nyumbani hawakujua mpaka siku alipomimina maji ya moto pembeni ya kikombe, juu ya mkono wake mwenyewe, huku akisema, "Naona, naona, niacheni." Daktari bingwa wa upasuaji alikuja kliniki hii kwa nadra, na kila akija hukaa siku moja akaondoka. Orodha yake ilifungwa adhuhuri. Ambaye bima haijamkubali mpaka hapo anafutwa, anangoja daktari arudi tena, na kurudi kwake hakuna aliyekujua. Walikwisha kuambiwa bila kufichwa: likiachwa likomae zaidi, jicho hilo nalo huenda likaenda.

Zamu yao ilipofika, dada wa mapokezi alipokea kadi, akaandika namba, akangoja. Kiduara kilizunguka kwenye kioo. Kikazunguka tena. Akaegemea kiti na kukunja mikono kama mtu aliyekwisha kuangalia mchezo huo asubuhi nzima.

"Mfumo umegoma," alisema.

"Umegoma vipi?" Mama Njia aliuliza.

"Umegoma, mama. Tangu nilipofungua. Kaeni pale."

"Haiwezekani ugome," mama mkwe alidakia. "Mwenye mfumo si huyu hapa? Mwambie, mwanangu. Mwambie wewe ndiye fundi wake."

Dada wa mapokezi alimtazama Mama Njia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. "Kumbe ni wewe," alisema. "Basi karibu ndani uje utusaidie, tunaumia."

Benchi zima likacheka. Mama Njia alicheka nalo kidogo, maana asingecheka angelia. Alikwisha kuyaona maandishi madogo chini ya kile kiduara. Aliyaandika mwenyewe: "Bima haijibu."

*

Bosi alipokea simu mara moja. Alikuwa anajua.

"Hospitali zote zimekwama," alisema. "Na kosa si letu. Bima wamefunga toleo la kwanza alfajiri ya leo, kama walivyotangaza. Sisi tulishahamia toleo la pili. Ulihamisha wewe, nikasaini mimi, tukala keki. Au hukula keki?"

"Nilikula, bosi."

"Basi. Kama kuna kitu kimeharibika, kimeharibika kwao. Nimeshawaambia wateja hivyo. Wewe uko ruhusa, muuguze mama."

Mambo ya toleo yalikuwa hivi. Kompyuta nazo zina adabu zao za kuzungumza, na adabu hizo hubadilika kama za watu. Kwa toleo la kwanza, kompyuta inauliza swali, inanyamaza mpaka ijibiwe, ndipo iulize jingine. Kwa toleo la pili maswali mengi yanapita kwenye uzi mmoja kwa mpigo, na kila jibu linarudi kwa wakati wake. Bima walichoka na foleni za toleo la kwanza, wakawapa watu wote muda wa kuhama. Ofisini kwa kina Mama Njia walitumia mfumo wa kuunganisha ambao ndani yake una vipande vingi, kila kipande na kazi yake. Kimojawapo ni kile kinachotoka nje kwenda kugonga milango ya watu na kurudi na jibu. Wao walikiita mjumbe. Mama Njia alichagua mjumbe wa kisasa anayelijua toleo la pili, akamwelekeza, akamjaribu mezani kwake, akaona kwa macho yake jibu likirudi kwa toleo la pili. Wiki ile walipamba ofisi kwa maputo, na bosi akatoa hotuba iliyokuwa ndefu kuliko keki.

Sasa mlango wa zamani umefungwa, na mjumbe wa kisasa amebaki nje. Mama Njia alirudi benchini akiwa amechanganyikiwa. Kila alipolipitia jambo hilo kichwani alikuta liko sawa.

"Wamesemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Wanasema kosa si letu."

"Alhamdulillahi."

Mbele yao mzee mmoja alilipa taslimu, akapewa karatasi ya kijani, akapita mlango wa ndani. Akafuata mwanamke mwenye mkoba wa ngozi, naye akapita. Wenye kadi walibaki kwenye mabenchi na kadi zao mikononi. Yule mwanamke wa pembeni, ambaye asubuhi aliambiwa habari za fundi wa kompyuta, aliuliza taratibu, na uso wake ni wa huruma kabisa, "Kwani mkweo bado hajamaliza kuitengeneza?"

Mama mkwe alifungua mkoba wake, akapapasa, akatoa miwani. Mguu mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi na kioo kimoja kilikuwa na ufa. Akaivaa, akageuza kichwa upande wa mapokezi kama anayetaka kuhakikisha aibu ile ina ukubwa gani.

Mama Njia aliitambua miwani. "Mama! Hii si ile tuliyokwambia uitupe?"

"Ndiyo hii."

"Na ile mpya?"

"Ipo. Iko kabatini, kwenye kasha lake, safi."

"Mwaka mzima tunakuuliza kama unaona vizuri kwa miwani mpya!"

"Uongo huo," mama mkwe alisema bila kukasirika. "Mnaniuliza, 'Mama, unaona?' Nawajibu naona. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza naona kwa miwani ipi."

Mwanamke wa pembeni alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Njia hakucheka. Alisimama ghafla hata kadi ikaanguka chini.

"Jamani," alisema. "Ee Mungu wangu. Jamani."

*

Alimpigia mlinzi wa seva, kaka mmoja mpole ambaye kazi yake ilikuwa kulitunza lango. Kila ujumbe uliotoka kwenye mitambo ya kampuni kwenda nje ulipita kwanza kwenye lango hilo, likaukagua, ndipo likautoa.

"Kaka, niangalizie kitu kimoja. Usiniangalizie kama majibu yanarudi. Nataka kujua jana mjumbe wetu alizungumza na bima kwa toleo lipi."

Kibodi ililia. "La kwanza, dada."

"Na juzi?"

"La kwanza. Yote la kwanza. Lango letu halijui la pili. Ni la zamani, si unalijua?"

Alilijua. Ila meza yake haikupita langoni. Pale ofisini alipofanyia majaribio alitoka nje moja kwa moja, na mjumbe alikutana na bima uso kwa uso wakazungumza kisasa. Kwenye mitambo yenyewe mjumbe alifika langoni, akauliza, "Mnalijua la pili?" Akaambiwa hapana. Basi kwa adabu zake akashuka mpaka la kwanza, akaendelea na kazi, asimwambie mtu. Hakudanganya. Hakuna aliyemuuliza. Majibu yalirudi, taa zote zilikuwa kijani, watu wakala keki.

Alimpigia bosi tena, akamweleza. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Kaka wa lango."

"Huyo hasemi. Sasa sikia, Mama Njia. Lango tutalishughulikia taratibu, kesho, keshokutwa. Leo msimamo ni ule ule: bima wamevunja kitu. Mimi nimesaini kwamba tulihama. Tukisema hatukuhama, mkataba unakufa."

"Lakini bima wanaweza kufungua mlango wa zamani kwa saa chache. Wakiombwa."

"Wakiombwa na nani? Wamesema watafungua kwa mtu atakayekiri kwamba kosa ni lake. Na wewe uko kwenye majaribio bado, ajira yako mezani kwangu. Mimi sitishi mtu. Nakukumbusha tu."

Alikata. Mama Njia alibaki anaitazama simu. Bosi wake hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Siku ya msiba wa baba yake Mama Njia, bosi alikuja mapema kuliko hata ndugu.

Mumewe aliwasili akitembea haraka, vipande vya sponji vimemganda nywele. Alikuwa fundi wa kushona makochi, na siku hizo watu walinunua makochi yaliyokwisha kutengenezwa, hivyo alionekana na sponji nyweleni kwa nadra. Leo alikuwa amepata kazi na ameiacha nusu. Mkewe alimvuta pembeni, karibu na bomba la kunawia, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Usiseme," mume alisema.

"Ni jicho la mama yako."

"Najua ni la nani! Lakini kadi inatoka wapi? Si kwenye kazi yako? Ukisema, kazi imekwenda. Kazi ikienda, kadi imekwenda, ya mama, ya watoto, yangu. Mtoto akishikwa na kifua usiku nimpeleke wapi, kwenye makochi?"

"Na nisiposema?"

"Labda bima watafungua wenyewe. Wakiona watu wanateseka."

"Hawafungui. Wao wanangoja sisi tuseme, sisi tunangoja wao waseme. Daktari hangoji mtu."

Mume alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa anampenda mama yake, na alikuwa anamwogopa, na hakuwahi kuvitenganisha viwili hivyo. "Tutamleta daktari akirudi," alisema, na sauti yake haikumwamini mwenyewe.

"Mimi nina ugonjwa wa macho," ilisikika sauti kutoka benchini. "Masikio yangu ni mazima."

Walirudi wote wawili, vichwa chini, kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni.

"Kwa hiyo kosa ni lako," mama mkwe alimwambia mke wa mwanawe.

"Ni langu, Mama. Niliuliza kama inajibu. Sikuuliza inajibu kwa lipi."

"Na mimi asubuhi nimekusifu mbele ya watu wote hawa."

"Nisamehe, Mama."

Mama mkwe alivua miwani yake mbovu, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Fanyeni mnavyoona," alisema. "Msije mkasema baadaye ni kwa ajili ya jicho langu. Mimi sikumtuma mtu." Halafu, kwa sauti ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia toka kwake, akaongeza, "Ila giza naliogopa. Siwezi kuwaficha."

Hapo ndipo jambo lilipoamuliwa. Mume aligeuka akaenda kusimama dirishani na kuwapa mgongo.

*

Fundi wa bima alikuwa na sauti ya mtu aliyekuwa anangoja simu hiyo tangu alfajiri.

"Tunawaona," alisema. "Mnagonga kwa toleo la kwanza. Miezi yote mnagonga kwa toleo la kwanza. Tulidhani mnajua."

"Hatukujua. Naomba mfungue mpaka jioni. Jioni nitakuwa nimetoboa njia isiyopita langoni, na mtaona la pili."

"Siwezi kufungua hivi hivi, dada. Bosi wako amewaambia watu wote kwamba tumeharibu sisi. Nikifungua, ni kama tumekubali. Lazima mtu wa kwenu aseme. Simu inarekodiwa. Jina lako, na cheo chako."

Alisema jina lake lote, lile ambalo ofisini walikwisha kulisahau. Akasema cheo. Akasema, "Kosa ni letu. Nilijaribu mahali pasipofaa, nikathibitisha kitu ambacho sikukiona. Bima hawana kosa." Alisema wima, katikati ya ukumbi, kwa sababu pembeni mtandao ulikuwa unakatika, na mabenchi yote yalimsikiliza. Yule mwanamke wa pembeni alifunika mdomo kwa mtandio. Mwanamume mmoja nyuma alisema, "Kumbe!" na mwingine akamwambia anyamaze.

"Haya," fundi wa bima alisema. Kisha akaongeza, taratibu, "Pole, dada."

Punde dada wa mapokezi alipiga kelele kana kwamba ameshinda bahati nasibu. Kiduara kilikuwa kimetoweka. Kadi zilianza kuitwa moja moja, kwa mwendo wa toleo la kwanza, swali na jibu, swali na jibu, huku watu wakiiangalia saa ya ukutani na kusukumana. Kadi ya mama mkwe ilikubaliwa wakati muuguzi amekwisha kushika orodha kuipeleka ndani. Muuguzi alisonya, akalichomeka jina chini kabisa kwa kalamu.

"Mama wa jicho la kulia, haya, twende."

Mama mkwe alisimama, akamkabidhi mke wa mwanawe miwani yenye ufa. "Usiitupe," alimwonya. "Bado sijaona kitu."

Mama Njia hakungoja. Alimwachia mumewe benchi, akaenda ofisini, akaketi na kaka wa lango, na kabla jua halijazama walikuwa wametoboa njia ya moja kwa moja mpaka bima, yenye ukaguzi wake na kufuli zake. Safari hii hakuuliza kama majibu yanarudi. Alikaa akiangalia kila ujumbe unajibiwa kwa toleo lipi. La pili. La pili. La pili. Bosi alipita mlangoni mara mbili, hakuingia.

*

Jicho lilipona vizuri kuliko walivyotegemea. Siku bandeji ilipotolewa mama mkwe aliitazama nyumba yake, akasema dari ni chafu. Akawatazama wajukuu mmoja mmoja kwa muda mrefu, akaenda chumbani akafunga mlango, na waliokaa sebuleni walimsikia akilia. Alipotoka alimwambia mwanawe kwamba ameanza kuota mvi, na kwamba sponji nyweleni haimpendezi.

Bosi alimwita Mama Njia ofisini na kufunga mlango. Alizungumza kwa upole. Hakuna aliyepigiwa kelele. Ajira haikuthibitishwa, basi, na alishukuriwa kwa kazi yote. Mtambo ule ulibaki ukifanya kazi kama maji, na wateja wakaacha kulalamika. Nyumbani walimficha mama mkwe habari hiyo. Mume ndiye aliyetaka hivyo: apone kwanza, ndipo aambiwe.

Siku ya kurudi kupimwa, walikwenda wote watatu. Foleni ilikuwa fupi na ilitembea. Watu walifika dirishani, wakatoa kadi, wakajibiwa kabla hawajaweka mkoba chini. Dada wa mapokezi alimkumbuka Mama Njia, akamchangamkia kweli kweli.

"Fundi wetu! Siku hizi raha tupu. Nikibonyeza tu, jibu limekuja."

Mume alimtazama mkewe. Walikuwa wamepanga kulipa taslimu, wamepanga na namna ya kulisema dirishani, lakini mama mkwe alikwisha kutangulia na kadi yake mkononi, mgongo umenyooka, bila kushikwa na mtu. Aliisukuma kadi chini ya kioo.

Dada alibonyeza. Jibu lilikuja papo hapo. Tabasamu likamfutika, akaugeuza uso wa kompyuta kidogo upande wake, kwa heshima, ili wazee wasione.

"Usiugeuze," mama mkwe alisema. "Ulete hapa."

"Mama, ngoja kwanza nizungumze na—"

"Ulete."

Dada aliugeuza. Mama mkwe aliinama, hakuvaa miwani yoyote, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto aliyejua kusoma jana. "Mwanachama hayupo. Kadi imefungwa." Alirudia mstari ule kimoyomoyo, midomo ikicheza, mpaka alipouelewa wote.

Mke wa mwanawe alisogea na kumshika kiwiko. "Mama," alisema. "Mama, umeona?"

"Nimeona, mwanangu," mama mkwe alisema, na hakuuondoa mkono ule. "Nimeona vizuri sana."